Mfuko Ambao Haukufika

Mgeni alibisha hodi hotelini Jumanne, saa ya chakula cha mchana, na kwa kuwa Ermelinda alikuwa amebeba bakuli la supu kwa mikono miwili, aliufungua mlango kwa kiwiko. Kizingitini alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la ngozi la rubani na kiatu kimoja. Maji yalimchuruzika vidoleni, masikioni na kwenye pindo za koti. Alama ya maji hayo ilishuka ngazi, ikavuka barabara ya mawe, ikapita mbele ya kanisa na kuingia bandarini. Kifuani alikumbatia mfuko wa turubai uliofungwa kwa lakiri ya risasi.

"Posta," alisema.

"Umechelewa," Shangazi Perpétua alijibu kutoka jikoni. "Vua hicho kiatu. Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Mgeni alivua kiatu. Kwa jina aliitwa Hedley Tizzard, mtu wa Newfoundland, na alikuwa amezama kaskazini ya kisiwa majira ya baridi mawili yaliyopita, akiijaribu njia ya ndege kutoka Amerika. Mjini Horta walishamsomea misa, na Shangazi Perpétua mwenyewe alikuwa ametoa mishumaa. Kiti kilitafutwa, kikawekwa karibu na mlango, mahali ambapo mkeka ulikuwa umelowa tayari.

"Nimekuja kwa miguu," alieleza, kama mtu anayeomba radhi. "Huko chini kuna milima mingi kuliko ramani zinavyosema."

Ermelinda alimpakulia supu. Hakula. Aliupakata mfuko, akasubiri.

Chumba cha kulia cha hoteli ile ndicho kilikuwa na meza ndefu kuliko zote kisiwani Faial, na kwa sababu hiyo wajumbe watatu walikuwa wakifanyia vikao vyao hapo kwa wiki ya tatu sasa. Dokta Abílio Sequeira alitoka Lisbon, na ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya visiwa. Bwana Fenwick alitoka London. Bwana Loomis alitoka Washington. Walikuwa wakitafuta mkataba wa posta ya ndege kati ya Amerika na Ulaya. Ndege hazikuweza kuivuka Atlantiki yote kwa pumzi moja, na katikati ya Atlantiki ardhi ni hiyo tu, visiwa vichache vya Wareno. Kwa hiyo ndege zingeshukia kwenye maji ya bandari ya Horta.

Ermelinda ndiye aliyekuwa mkalimani wao. Kiingereza alikipata utotoni huko New Bedford, Amerika, kabla pamba ya kiwandani haijamaliza mapafu ya baba yake na kuwarudisha nyumbani yeye na mama. Kaka yake Belmiro alibaki kule, na hawakuwa wameonana tangu hapo. Mama naye alikwisha kufariki. Milango ya Amerika ilikuwa imefungwa kwa watu wa visiwani, ila Bwana Loomis alikuwa na viza yenye jina la Ermelinda ndani ya bahasha, kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Angempa siku ya kutia saini. Kila walipofika kwenye kifungu kigumu alikipapasa kifua chake polepole, na Ermelinda alitafsiri kwa makini zaidi.

Kazi ya mkalimani ni kusema "mimi" huku akimaanisha mtu mwingine. Kutwa nzima Ermelinda alisema mimi sikubali, mimi nasikitika, mimi nina mapenzi makubwa na watu wa visiwa hivi. Jioni alitafuna majani ya nanaa na kuyatema nyuma ya banda la kuku.

Kifungu kilichomsumbua zaidi kilikuwa cha nne. Kilianza na maneno "Kwa manufaa ya watu wa visiwa", kisha kikasema kwamba ndege zitachukua maji Horta, zitachukua mafuta, zitapewa habari za upepo, na marubani watapewa vitanda. Lakini mfuko wa barua hautateremshwa Faial wala kupakiwa Faial. Kila mjumbe alihofu kwamba wenzake wangefaidika na barua za kisiwa, basi wakaona ni haki zisimfaidi mtu yeyote. Barua ya Belmiro kwa dada yake ingeshuka Horta ndani ya tumbo la ndege, ingesubiri rubani anywe kahawa, ingeruka tena hadi Lisbon, ingepigwa muhuri, kisha ingerudi kwa meli ya kila mwezi, kama meli ingekuja.

Jumanne ile, baada ya supu, Bwana Fenwick aliufuta mdomo na kuutazama mfuko uliokuwa mapajani mwa Tizzard.

"Mwulize mfuko umetumwa wapi," alimwambia Ermelinda, ingawa mgeni alijua Kiingereza kama yeye.

"Hapa," alisema Tizzard. "Barua zote humu ni za Faial. Nilimwahidi mtu wa posta kule nilikotoka. Mtu wa kazi yetu hapati usingizi mpaka mfuko uishe, dada. Nimejaribu kulala. Haiwezekani."

Ermelinda alimtafsiria Dokta Sequeira, ila neno dada akalibakiza kwake.

Wajumbe walisogeza viti. Mfuko ukipokewa, alisema Fenwick, njia itakuwa imefunguliwa, na aliyeifungua atakuwa na haki ya kwanza. Ndege ilijengwa Uingereza. Ilikodiwa na Wamarekani, alisema Loomis. Iliruka kwa kibali cha Lisbon, alisema Sequeira. Walibishana mpaka jibini ikaletwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu washuke melini, wote watatu walikubaliana jambo. Katibu aliandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mfuko haujafika.

Askari wa forodha aliitwa aulinde. Huyu alikuwa Custódio, kijana mwenye mabega mapana ambaye siku nyingine zote alipiga kasia la pili katika mashua ya nyangumi.

"Bwana Dokta," alisema, "mfuko ambao haujafika unalindwaje?"

"Kwa mguu," alisema Dokta Sequeira.

Custódio aliutoa mfuko mapajani mwa Tizzard kwa adabu, akauweka sakafuni, akaukanyaga kwa mguu wa kulia.

"Na huyu mwenye mfuko?"

"Mwenye mfuko yupi?"

Custódio alimtazama Tizzard. Tizzard aliinua mabega, na maji yakamtoka kwenye mikono ya koti.

"Sawa," alisema Custódio. "Na mimi je, nimefika? Nisije nikasimama hapa bure."

"Wewe unyamaze," Shangazi Perpétua alimwambia, "au nitakupa tambara uanze kupangusa."

Siku zilizofuata bahari ilichafuka, na hakuna aliyeweza kwenda kwenye miamba kutafuta lapa. Lapa ni wale kombe wadogo wa kofia moja wanaong'ang'ania mwamba. Huchomwa kwenye chuma kwa siagi na kitunguu saumu, huliwa wakiwa bado wanatokota ndani ya gamba lao. Wajumbe walikuwa wamewapenda mno. Alhamisi Bwana Loomis aliinamisha kichwa na kuutazama mkono wa Tizzard.

"Wale pale si lapa?"

Walikuwa lapa. Walimwota mabegani, chini ya kola na kwenye migongo ya mikono, kama wanavyoota kwenye kitu chochote kilichokaa baharini.

Ermelinda alisimama katikati ya chumba. Alimgeukia Dokta Sequeira, ambaye alikuwa akisoma gazeti la wiki mbili zilizopita.

"Bwana Dokta, anauliza kama…"

"Nimesikia. Ni wageni wetu, binti."

Ermelinda alipopiga magoti mbele ya kiti akiwa na kisu, Tizzard alimnyooshea mkono mwenyewe.

"Chukua tu. Wananiwasha."

Aliwabandua mmoja mmoja. Wa kwanza walitoka kirahisi. Jikoni Shangazi Perpétua alikoleza moto, akakata kitunguu saumu, halafu akaosha mikono, akaiosha tena. Wajumbe walikula. Bwana Fenwick aliomba limau. Kulikuwa na ladha ambayo hawakuipata kwa wale wa kawaida, alisema, kitu kirefu zaidi, na Ermelinda alitakiwa kumtafsiria Dokta Sequeira sentensi hiyo. Alisema: mimi naona wana ladha ndefu zaidi.

Tangu siku hiyo waliwataka kila mlo. Walifika hata kubishana kama wa bega wanawashinda wa muundi. Wa muundi walikuwa wagumu, alisema Loomis, ila wana tabia. Walizungumza juu ya kifungu cha nne midomo ikiwaka siagi, na makombe matupu waliyarundika pembeni ya rasimu ya mkataba, na mafuta yakaingia kwenye karatasi hadi maneno "manufaa ya watu" yakawa yanapenya mwanga.

Kadiri siku zilivyokwenda lapa waliacha kutoka kirahisi. Kila mmoja aliondoka na kitu chake: kwanza ngozi kidogo, nyeupe na safi kama nyama ya samaki, kisha zaidi ya ngozi. Hakukuwa na damu. Palipobanduliwa palibaki pengo, na kupitia pengo hilo uliona mgongo wa kiti. Tizzard hakulalamika. Alinuka mwani na hewa ya asubuhi. Uvundo uliokuwemo chumbani ulitoka mezani.

"Ermelinda," Custódio alinong'ona mchana mmoja wajumbe walipopanda kulala, mguu wake ukiwa palepale. "Mwambie akatae. Mtu ana haki ya kukataa kuliwa."

Ermelinda alimwambia.

"Nikatae kwa nani?" aliuliza Tizzard. "Mimi sijafika."

Alicheka kidogo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekwenda na chakula cha jana. Kisha aliacha kucheka, akautazama mfuko chini ya kiatu cha askari.

"Dada, nikiisha mimi kabla mfuko haujaisha, utaupeleka?"

Ermelinda alifuta kisu kwenye aproni. Alifikiria bahasha iliyokuwa ndani ya koti la Bwana Loomis, ghorofani, juu ya mgongo wa kiti. Alimfikiria Belmiro, ambaye picha yake ya mwisho ilimwonyesha akiwa na upara.

"Wote?" aliuliza.

"Barua moja ikibaki ni kama zote zimebaki."

"Nitaupeleka," alisema.

"Mimi sijasikia kitu," alisema Custódio. "Kwanza Kiingereza chenyewe sikijui."

Jumapili ilikuwa sikukuu ya Roho Mtakatifu, na ndiyo siku waliyochagua wajumbe kutia saini, kwa kuwa Dokta Sequeira aliona itapendeza magazetini. Katika kila kijiji meza ndefu zilitandikwa nje, taji la fedha likawekwa katikati ya maua, na masufuria ya supu ya nyama yakachemka tangu alfajiri. Siku hiyo hakuna anayeulizwa ametoka wapi. Anayeketi anapakuliwa, hata akiwa adui wa mwenye nyumba.

Kitini karibu na mlango lilibaki koti, likiwa limekaa wima, na ndani ya kola lapa mmoja. Sauti ya Tizzard ilikuwa imeisha Jumamosi, kwenye chakula cha jioni.

"Amebaki mmoja," alisema Bwana Loomis. "Mpe mzee."

Bwana Fenwick alikataa kwa adabu, akasisitizwa, akakubali. Ermelinda alimchoma lapa huyo peke yake kwenye chuma kikubwa. Alimbeba kwenye sahani, akaiweka mbele ya Bwana Fenwick, akasimama nyuma ya kiti kama kawaida. Fenwick alitafuna macho yamefumba.

"Mwambie Dokta ni mtamu."

Ermelinda aliufungua mdomo.

"Mimi," alisema, kisha hakuweza kuimalizia sentensi. Dokta Sequeira alisema si kitu, ameelewa.

Meza ilipanguswa. Mkataba ulitandazwa. Katibu, mtu wa hapohapo Horta mwenye kola iliyokaushwa kwa wanga, alitoa muhuri kwenye kisanduku na kuupumulia. Bwana Loomis aliifungua kalamu yake.

Kule juu ya mlima, mwangalizi wa nyangumi alirusha fataki.

Faial nzima iliusikia mlipuko. Fataki ikilia, mwanamume wa kisiwa kile haulizi. Kinyozi humwacha mteja na povu shavuni, mchimba kaburi huweka koleo chini, na bwana harusi amewahi kukimbia na pete ikiwa mfukoni mwake. Nyangumi anapuliza, mashua inasubiri, na kasia lisilo na mtu ni aibu ya ukoo mzima. Katibu, ambaye ndiye mtupa chusa wa mashua ya pili, aliondoka akiwa na muhuri mkononi. Custódio aliinua mguu.

Kwenye mlango aligeuka.

"Mimi nilikuwa baharini," alimwambia Ermelinda. "Ukiulizwa." Akashuka ngazi mbili mbili.

Wajumbe watatu walibaki na mkataba usio na muhuri. Fenwick alipendekeza wanywe kitu. Shangazi Perpétua aliwaletea chupa tatu za mvinyo wa kisiwa jirani cha Pico badala ya moja, akafunga pazia kwa ajili ya jua. Ermelinda aliubeba mfuko kupitia jikoni. Ulikuwa mzito na ulidondosha maji, ukiacha mstari nyuma yake, na hakuna namna ambayo angeuficha mstari huo, kwa hiyo hakujaribu.

Lakiri aliikata kwa kisu cha lapa nyuma ya banda la kuku. Aliziangalia barua zote kabla ya kuondoka. Hakukuwa na iliyoandikwa jina lake. Aliziangalia tena, kisha akaanza safari.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, kwa kuwa siku ile watu wote walikuwa wameketi. Watu wa kijiji cha Flamengos walikuwa mezani, wa Cedros walikuwa mezani. Alipita nyuma ya mabenchi akisoma majina, na watu walijipangusa supu mikononi na kupokea. Mwanamke mmoja aliilamba bahasha yake pembeni na kusema ina chumvi. Mzee mmoja alisoma kwamba amepata mjukuu wa kiume. Mjukuu huyo kwa sasa alikuwa anatembea, alikwisha kuja na kuondoka kwenye mazungumzo ya watu, lakini mzee alisimama akatangaza upya na watu wakampigia makofi upya. Wengine walisoma salamu za watu ambao tangu hapo walikwisha kuzikwa Fall River, kule Amerika, wakazijibu kwa sauti kama mtu anavyoitikia salamu. Hakuna aliyeuliza mfuko umetoka wapi. Kila kituo Ermelinda alipewa bakuli, na kila kituo alishindwa kula.

Jua lilipozama alikuwa amebakiza moja, ya bibi Leopoldina wa Capelo, upande wa mnara wa taa, ambaye hakutokea mezani kwa sababu ya mguu. Capelo ni mbali. Mkokoteni wa watu waliotoka kwenye sikukuu ulimrudisha Horta amesinzia juu ya mfuko.

Asubuhi wajumbe walikuwa mezani, na katikati ya meza hapakuwa na sahani yoyote ila mkate. Mstari wa maji walikuwa wameuona. Katibu alikuwa amerudi na muhuri, kucha zake zikiwa na mafuta ya nyangumi.

"Umetuweka pabaya, binti," alisema Bwana Loomis. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mjomba aliyeibiwa na mpwa. "Mfuko umefika sasa. Hatujui ni wa nani na umefika. Zote umezigawa?"

"Imebaki moja."

Watatu walitazamana. Bwana Fenwick aliweka kisu cha siagi chini.

"Moja," alisema taratibu. "Lakini mfuko kisheria ni kitu kimoja. Ambao haujaisha haujafika."

"Ni kweli," alisema Dokta Sequeira. "Haujafika."

Walifurahi, hata wakapeana chumvi bila kuombwa. Bwana Loomis alitoa bahasha kwenye koti, akaifungua, akaitandaza viza kwenye kitambaa cha meza na kuilainisha mikunjo kwa kiganja. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri, herufi zote. Pembeni yake aligonga meza kwa kidole.

"Hiyo barua iweke hapa. Hii utaichukua. Meli inaondoka Ijumaa."

Ermelinda aliitazama viza. Kona moja ilikuwa na doa la siagi. Aliwaza kwamba bibi Leopoldina hajui hata kama ameandikiwa. Aliwaza ngazi za nyumba ya mtaa wa Rivet, na Belmiro akifungua mlango na upara wake. Kisha alitazama kiti karibu na mlango, ambako koti lilikuwa bado limekaa wima, linadondosha maji.

Barua ilikuwa ndani ya aproni yake. Aliishika kwa nje, kuhakikisha.

"Shangazi," aliita, "mwavuli uko wapi?"

"Nyuma ya mlango," Shangazi Perpétua alijibu kutoka jikoni. "Una ubavu mmoja umevunjika. Ushike upande wa kushoto."

"Binti," alisema Dokta Sequeira, "fikiri. Kwa nini wewe ndiye ubebe? Meli ya mwezi itakuja."

"Ndiyo, Bwana Dokta," alisema Ermelinda, kwa Kireno, kwa mdomo wake mwenyewe. Akaufungua mwavuli.

Bwana Loomis aliichana viza vipande vinne, bila ubaya, akaomba kisahani cha majivu.

Haikuwachukua muda. Kabla Ermelinda hajatoka mjini, Bwana Fenwick alikuwa amegundua kwamba barua zinazopelekwa na mwizi, tena kwa miguu, haziwezi kuitwa posta. Katibu aliandika hivyo. Kifungu cha nne kilibaki kama kilivyokuwa, na mkataba ukapigwa muhuri ambao hadi leo unanuka nyangumi kidogo. Ndege ya kwanza ilishuka bandarini mwaka uliofuata. Ilipewa maji, mafuta na habari za upepo, na watoto wakaipungia mikono. Barua za Faial zilikuwa ndani yake. Zilikwenda Lisbon.

Koti lile lilibaki kwenye kiti. Wajumbe, kabla ya kupanda meli, walilitundikia kofia zao.

Jumatatu ile mvua ilinyesha barabara nzima ya magharibi. Maua ya buluu kwenye nyua yalikuwa bado hayajachanua. Mwavuli ulivuja upande wa kulia na mfuko mtupu ulivuja pande zote, ukichora mstari nyuma yake kutoka Horta hadi Capelo, na mvua haikuufuta. Alipofika alikuwa amechubuka visigino.

Bibi Leopoldina alikuwa ameketi mlangoni, mguu wake umewekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Ya kwangu?" alisema. "Ingia kwanza, utaugua. Mimi kusoma sijui, mwanangu. Nisomee."

Ermelinda aliifungua. Karatasi zilikuwa zimegandana kwa chumvi, akazitenganisha kwa ukucha. Ilikuwa ya binti wa bibi aliyeko New Bedford. Aliuliza hali ya mama, akauliza kama yule kuku mweusi bado anataga, na akaomba apelekewe kipimo cha mguu, ili atume viatu kwenye gunia la nguo kabla ya baridi.

"Kuku alikufa," alisema bibi Leopoldina. Alifikiri. "Na mguu wenyewe ndio huu, umevimba, hauna kipimo. Soma tena pale pa kuku."

Ermelinda alisoma tena pale pa kuku.

"Ni yeye kabisa," alisema bibi. "Ndivyo anavyosema." Aliipokea karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya blauzi, upande wa moyo, ikiwa bado na unyevu. "Na huyo aliyeileta toka Amerika?"

"Alichoka, bibi."

"Basi mwache alale."

Ermelinda aliuokota mfuko kizingitini, akaugeuza nje ndani na kuukung'uta. Hakikutoka kitu. Alipitisha kiganja kwenye turubai, kwenye mishono, hadi kwenye kona za chini kabisa. Ulikuwa mkavu.